Fungu la Mlima

Siku hizi watu wanapanda mlima wetu wa Gulmarg kwa vibanda vya kioo vinavyoning'inia kwenye waya, wamevaa helmeti zinazong'aa, na kila mmoja ana simu ya kumwambia ameshuka kwa kasi gani. Mimi nakaa mlangoni pa duka letu la kukodisha ski, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, kikapu changu cha makaa kimo ndani ya joho kikinipasha tumbo, nawatazama. Sina ugomvi na helmeti. Laiti zingekuwepo enzi zetu, wangapi wangekuwa na akili zao timamu leo. Ugomvi wangu ni na makelele. Alasiri jua likianza kujificha nyuma ya mlima, utawasikia wanaitana, "Jamani, moja ya mwisho!" na wote wanapanda tena wakicheka. Nikilisikia neno hilo, huwa namkumbuka kaka yangu Manzur, na siku nzima iliyobaki sifai kwa kazi.

Sisi watu wa Tangmarg, mji ulio chini ya mlima, tulikuwa na desturi yetu. Mteremko wa mwisho wa siku si wako, ni fungu la mlima. Unauacha. Na kwa kuwa hakuna ajuaye upi ndio wa mwisho mpaka mtu autaje, sheria ilikuwa kwamba neno likishatamkwa, unavua ski hapo hapo ulipo, unazibeba begani, unashuka kwa miguu. Hata kama uko kileleni, hata kama mkubwa wa serikali anakusubiri chini. Wageni walituona washamba. Sisi wenyewe hatukuulizana sababu, tulizaliwa tukaikuta.

Duka lilikuwa la baba, Khazir, na mimi, Dilshada, ndiye niliyekuwa nikiwavisha wageni viatu tangu sijaota meno ya ukubwani. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi ila asubuhi, mteja akiwa amekaa kwenye benchi, alikuwa na maswali yake. Umelala vizuri? Umekunywa nini jana? Mara ya mwisho kuanguka ilikuwa lini? Aliyejibu kwamba yeye haanguki kamwe, baba alimpa ski fupi kuliko zote dukani, tena butu.

"Anayeanguka anajua kuanguka," aliniambia. "Huyu asiyeanguka ndiye atakayetuletea msiba."

Halafu kulikuwa na uzito. Kile chuma kinachokishika kiatu kwenye ski kina skrubu, na skrubu inafungwa kwa kadiri ya uzito wa mtu na ujuzi wake, ili akianguka vibaya, kiatu kichomoke na mguu upone. Ukiikaza mno, ski haikuachi, yenyewe inakwenda kulia nawe unakwenda kushoto, na katikati liko goti lako. Sasa nani husema uzito wake wa kweli? Wanaume walijiongezea ujuzi, wanawake wakajipunguzia kilo. Baba alisema uzito wa mume muulize mke, na uzito wa mke usimuulize mtu yeyote, mpime kwa macho ukiwa umekaa mbali.

Lakini waliokuwa wakimuudhi hasa si wageni, ni vijana wetu. Kwao ski kukutoka mguuni ilikuwa aibu ya kutungiwa nyimbo. "Mbao zimemkataa!" walipiga kelele mlima mzima. Basi kila mmoja alijikazia skrubu mpaka mwisho, na bisibisi ilipogoma akaongeza koleo. Baba akiwaona alikuwa akiwauliza, "Mmefunga ndoa na mbao? Ski si mke, bwana, ikitaka kwenda iache iende!" Walicheka, wakaenda kukaza tena nyuma ya duka.

Na wakivunjika, walipelekwa kwa Mzee Subhan.

Mzee Subhan alikuwa muunga mifupa, kama baba yake na babu yake, na mikono yake ilijulikana mpaka mji wa Baramulla. Ulimi wake pia. Mgonjwa alitukanwa kwanza, akatibiwa baadaye. Mkewe alikufa mapema, hivyo aliyemsaidia kazi ni binti yake Parvina, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Tangu akiwa mdogo ndiye aliyekishika kichwa cha mgonjwa kwenye mapaja yake wakati baba yake akivuta mfupa urudi mahali pake. Wanaume wazima walimlilia mikononi, wakamng'ata vidole. Siku moja tukichota maji aliniambia, "Dilu, theluji ikianguka nyinyi mnafurahi. Mimi nasikia mayowe kabla hayajaja."

Manzur alimpenda. Nani asingempenda? Lakini kaka yangu alikuwa mvuta sleji, mmoja wa wale wanaoburuta wageni wavivu juu ya vigari vya mbao kama mizigo ya viazi. Alipotuma wazee kwenda kuposa, Mzee Subhan aliwapa chai ya chumvi na mkate, akawasikiliza mpaka mwisho, akajibu kwa sentensi moja: "Binti yangu hatakwenda kwa mtu asiye na beji."

Beji ilikuwa ya walimu wa ski, ya fedha, inabandikwa kifuani. Mwenye beji alilipwa majira yote ya baridi, theluji iwepo isiwepo. Manzur aliteleza vizuri kuliko nusu ya walimu wale, hilo hata adui zake walikubali, na mwaka ule, mmoja kabla bunduki hazijaanza kulia kwetu, mkuu wa walimu, Bwana Negi, akakubali kumjaribu. Siku moja tu, wageni wanne. Warudi salama na wakiwa wameridhika. Nafasi ilikuwa moja, na mshindani wake alikuwa Ashraf, kijana mzuri wa sura aliyejua kuwachekesha wake za watu.

Nilipanda nao siku hiyo, kwa sababu mmoja wa wageni, Bibi Khurana, alitaka mwanamke wa kumshika mkono. Mumewe alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Delhi, mtu mnene mwenye kicheko cha kujaza chumba. Wengine wawili walikuwa maharusi ambao hawakuona theluji wala mlima, walionana wenyewe tu.

"Mara ya mwisho kuanguka ilikuwa lini?" baba alimuuliza Bwana Khurana.

"Mzee, mimi nimeteleza Uswisi!"

"Sijakuuliza umeteleza wapi."

"Sijawahi kuanguka!"

Baba alinitazama, nikaenda kuleta ski fupi. Skrubu alizifunga mwenyewe, baada ya kumuuliza Bibi Khurana swali moja la pembeni, na bibi yule akajibu kwa kunyoosha vidole huku akicheka.

Kabla ya kupanda, Manzur aliwaeleza desturi yetu. "Mnaweza kusema lolote huku juu. Mnaweza hata kunitukana. Neno moja tu msilitaje: kwamba huu ni wa mwisho. Likitajwa tunashuka kwa miguu."

"Ushirikina huu!" akacheka Bwana Khurana.

"Ndiyo, bwana. Lakini ni wetu."

Ilikuwa siku nzuri. Mpaka leo nikifumba macho naiona. Theluji ilianguka usiku, misonobari imeinama kwa uzito wake, na hewa ilikuwa kali mpaka ukitabasamu meno yanauma. Manzur aliwapasha miili kwanza kwa kuwachezesha kama watoto wa chekechea, akawashusha taratibu, akawapumzisha kabla hawajaomba. Alimkataza Bwana Khurana kinywaji cha mchana, akampa supu. Alimwona bwana harusi akijaribu kuikaza skrubu yake kwa sarafu, akamnyang'anya sarafu. Bibi Khurana alianguka mara nyingi na kila mara aliinuka akicheka, theluji imemjaa masikioni. Nilimwambia moyoni kaka yangu: beji hiyo ni yako, na Parvina pia.

Alasiri ikaingia. Kivuli kilishuka juu ya mteremko, na theluji iliyolainika mchana ikaanza kuganda tena, ikawa ngumu, ya mawimbi mawimbi usiyoyaona kwa sababu mwanga umefifia na hauachi vivuli. Kamba ya mashine inayovuta watu mlimani ikatuburuta juu tena. Nilimwona Bwana Khurana akiegemea fimbo zake pande zote mbili, mdomo wazi. Manzur naye alimwona. Alinong'ona nami, "Nitawashusha kwa njia ya msituni, ile ya mlalo. Polepole."

Tulikuwa tumejipanga kileleni. Chini kabisa, mdogo kama mdudu, Bwana Negi alikuwa amesimama na darubini yake, na Ashraf pembeni, na nusu ya Tangmarg iliyokuja kutazama. Ndipo Bwana Khurana alipoinua fimbo juu akapaza sauti, mlima mzima ukasikia:

"Manzur! Nasema hivi: huu! Ndio! Wa mwisho!"

Akageuka akamkonyeza mkewe. Alifanya makusudi, mtu yule. Kama mtoto anayeambiwa asiguse chungu.

Manzur aligeuka akatazama chini alikosimama Bwana Negi. Halafu akainama, akachomoa kiatu kimoja kwenye ski, akachomoa cha pili, akaziweka ski begani.

"Tunashuka kwa miguu," akasema.

"Unatania!"

"Sitanii, bwana. Vueni."

Nilimsogelea nikamvuta joho. Nilikuwa na hasira ya kumeza mtu. "Kaka, una wazimu? Negi yuko pale! Washushe tu, ni mteremko mmoja, Mungu atasamehe!"

"Dilu, mtazame miguu."

"Sitazami miguu ya mtu! Mtazame Parvina!"

Manzur alinipita. Alikwenda akapiga magoti mbele ya Bwana Khurana na kumchomolea viatu kwenye ski kwa mikono yake, naye mkubwa yule akimmwagia matusi kichwani, ya Kihindi na ya Kiingereza, kwamba amelipia, kwamba atamshtaki, kwamba huko Uswisi mambo haya hayapo. Maharusi walivua wakicheka. Bibi Khurana alivua haraka, na nadhani alishukuru.

Sijawahi kutembea njia ndefu vile. Tulizama mpaka magotini. Kamba ya mashine iliendelea kupandisha watu kando yetu, na kila aliyepita alituangalia tulivyobeba ski zetu kama wezi wa mbao. Kadiri tulivyokaribia chini ndivyo vicheko vilivyokuwa vikubwa. "Wee Manzur, ski zimekuchoka?" "Wabebe na mgongoni basi!" Ashraf alikuwa akijipangusa theluji kifuani, pale panapokaa beji.

Bwana Negi alimsubiri mpaka afike. "Nilikuwa natafuta mwalimu wa ski," akamwambia mbele za watu. "Wewe ni mwalimu wa kutembea."

Jina likamganda hapo hapo. Mwalimu wa Kutembea. Wajukuu wa watu walikuja kumwita hivyo bila kujua lilitoka wapi. Beji ikaenda kwa Ashraf, na jioni ile Bwana Khurana alikula chakula chake hotelini akiwa mzima wa afya, akimsimulia kila mhudumu jinsi mshamba mmoja alivyomharibia siku.

Hilo ndilo lililoniuma. Kama angevunjika mtu, watu wangesema, ah, Manzur alijua. Lakini hakuvunjika mtu! Utamwonyesha nani mguu ambao haukuvunjika? Watu walikwenda, wakarudi, wamechoka, basi. Kaka yangu alitoa ndoa yake kwa kitu ambacho hakikutokea. Nyumbani alikaa dirishani, joho limemfunika kichwa, hakula. Mama alilia jikoni akidai ni moshi. Mimi sikumsemesha, kwa sababu ningemsemesha ningemtukana.

Asubuhi yake tulikuwa dukani, baba, Manzur na mimi, tunapangusa viatu. Mlango ukasukumwa, akaingia Mzee Subhan, ndevu zimeshika barafu, mikono ndani ya joho juu ya makaa yake. Hakuwa na kawaida ya kupanda Gulmarg. Hakutoa salamu ya maana, alikaa kwenye benchi la wateja.

"Khazir, nimekuja kulalamika," akamwambia baba. "Mtoto wako ananinyima riziki."

Baba akaweka kiatu chini. "Subhan, kama umekuja kutucheka, tumeshachekwa ya kututosha."

"Ngoja nimalize. Jana usiku nimeletewa mtu mnene wa Delhi. Hajavunjika popote, anataka kukandwa tu, miguu inamuuma kwa kutembea. Nimemkanda, na yeye anamtukana huyu wako tangu mwanzo mpaka mwisho. Nikamshika paja." Alitoa mkono mmoja nje ya joho akautazama kana kwamba paja lile bado limo. "Paja linaruka lenyewe, kama kuku aliyechinjwa. Saa ngapi zimepita tangu alipotoka mlimani, na bado linaruka. Lile goti lilikuwa limeshaanguka, Khazir. Mwenyewe tu ndiye hajapata habari."

Nilimtazama Manzur, naye alikuwa ameinamia kiatu kile kile, anakipangusa mahali pale pale.

"Wee kijana," mzee akamgeukia. "Negi ulimwona kule chini?"

"Nilimwona, mzee."

"Na mimi nilisema nini kuhusu beji, unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Na bado ukavua. Kwa sababu ya neno la mlevi wa sifa. Mimi pia nimezaliwa Tangmarg, nalijua fungu la mlima, lakini siku ya posa yangu ningejifanya sikusikia!"

"Ningeweza kujifanya sikusikia," Manzur akasema. "Miguu yake ndiyo sikuweza kujifanya sikuiona."

"Si mguu wako. Una nini na mguu wa Mdelhi? Angevunjika, angeletwa kwangu, ningemuunga. Kazi yangu hiyo."

Manzur akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana yake kuyaona macho yake.

"Angeletwa kwako, ndiyo. Na nani angemshika kichwa?"

Mzee Subhan alishusha macho. Aliangalia makaa yake. Akayakoroga kwa kijiko chake kidogo, ingawa hayakuhitaji kukorogwa. Nje mbwa walikuwa wakibweka, na mgeni mmoja alichungulia mlangoni, baba akamfukuza kwa mkono.

"Jana usiku," mzee akasema hatimaye, na sauti haikuwa ile ya kutukana watu, "nilipomaliza na yule mtu, nikamkuta Parvina amelala. Amelala fofofo, Khazir, vitambaa vimekunjwa pembeni, maji yamepoa, kwa kuwa hakuna aliyevunjika. Jumapili ya theluji mpya! Sikumbuki mara ya mwisho mtoto yule kulala mapema siku kama hiyo. Nilisimama nikamtazama. Mikono yake ina alama za meno ya watu, mnajua? Mimi ndiye baba yake, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwamsha."

Akainuka. Alikusanya joho lake, akaenda mpaka mlangoni, akasimama akitugeuzia mgongo, maana hakutaka tumwone.

"Ijumaa, baada ya swala, lete wazee wako."

"Mzee," Manzur akasema, "beji sina. Amepewa Ashraf."

"Nani amekuuliza una nini?" mzee akafoka, sasa akiwa mwenyewe kabisa. "Nimesema Ijumaa! Wakichelewa, chai nainywa mwenyewe."

Mlango ukajifunga. Baba alianza kucheka polepole, halafu akashindwa kujizuia, akawa anapiga benchi kwa kiganja. Kaka yangu alisimama amfuate mzee amshike mkono, akafika katikati ya duka tu. Akakaa chini palepale sakafuni katikati ya viatu vya wageni, akalia mbele yetu bila haya yoyote. Nikaenda nikakaa karibu naye, nikamwomba radhi kwa yale niliyomwambia kule juu, naye akaniambia ninyamaze, nimalize kupangusa viatu, wateja wanakuja.